Chemosit Huimba Kwanza: Nyimbo za Attack on Titan Zapangwa Roret

Usibonyeze! Kidole chako tayari kiko juu ya kile kitufe cha kuruka wimbo. Nakijua, kwa sababu kila anayetazama anime kwa bando la kununua kidogo kidogo ana kidole kama hicho. Wimbo wa kufungulia huchukua kama sekunde 90, wa kufungia vivyo hivyo, na ukiwa na sehemu nne za kumaliza kabla umeme haujapotea, dakika tatu za kila sehemu ni mali. Lakini hizo sekunde 90 ni kipande tu, jamani! Nyuma ya kila kipande kuna wimbo mzima, dakika nne, dakika tano, wenye beti ambazo runinga haikuwahi kuzipiga na mageuzi ya katikati yanayokupindulia kila ulichodhani umekisikia. Nimetoka kuzisikiliza nzima kwa mara ya kwanza, nyimbo za Attack on Titan, kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, kuanzia ya Aprili 2013 hadi za Novemba 2023, na masikio bado yana moto. Siwezi kungoja yapoe. Ninazipanga hivi hivi, zikiwa bado zinavuma kichwani.

Kwa aliyepitwa: Hajime Isayama alianza kuchapisha hadithi hii katika katuni za vitabu mwaka 2009, akaimaliza 2021. Wanadamu waliobaki duniani, au wanaodhani ndio waliobaki, wanaishi ndani ya kuta tatu, Maria, Rose na Sina, kwa sababu nje kuna majitu yanayokula watu. Siku moja jitu refu kuliko ukuta linachungulia juu, linapiga teke lango, na utoto wa Eren, Mikasa na Armin unakomea hapo. Misimu mitatu ya kwanza ilitengenezwa na studio ya WIT. Msimu wa mwisho ukachukuliwa na MAPPA, na huo unaoitwa wa mwisho ulianza Desemba 2020 ukaisha Novemba 2023, msimu mrefu kuliko kungoja bonasi ya chai. Nitafichua mambo. Asiyemaliza kutazama aamue sasa kama anasoma au anaenda kutazama kwanza.

Sasa mizani yangu. Nairobi wana NAICCON yao, wanavaa majoho ya kijani yenye mabawa mgongoni, wanapiga picha, na kila mmoja ana orodha yake. Sawa. Huku Roret, kati ya mashamba ya Bureti, wimbo unapimwa kwa mitihani miwili ambayo Nairobi hawana.

Mtihani wa kwanza ni mabati. Alasiri wingu likifunga, usidhani ni mvua ya kawaida tu inayokuja. Nyanda za chai za Kericho na Nandi zinajulikana kwa wanasayansi wa hali ya hewa dunia nzima kwa wingi wa mvua ya mawe, hata ikafika mahali, miaka ya 1960, wenye mashamba makubwa wakaanza kuyarushia mawingu dawa ili mawe yasianguke. Mawe yakishuka juu ya bati, humsikii aliyekaa karibu nawe, sembuse spika ya simu. Wimbo unaopenya hapo umepasi.

Mtihani wa pili ni kuchuna chai. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili kazini, macho kazini, masikio peke yake ndiyo yana ruhusa. Spika za masikioni ndani, simu mfukoni, kikapu mgongoni. Wimbo wenye mwendo mzuri unajaza kikapu bila wewe kujua. Wimbo mbaya unaukumbusha mgongo kwamba unauma.

Haya. The Rumbling!

Wueh! Januari 2022, bendi ya SiM, vijana wa Shonan kule Kanagawa, wanaochanganya reggae, punk na metali. Reggae, ndugu zangu! Mtu yeyote aliyepanda matatu ya kwenda Litein atafurahi kusikia kwamba Japani kuna watu waliolelewa na reggae. Lakini katika The Rumbling reggae yenyewe wameiacha nyumbani. Walichokuja nacho ni gitaa zinazosaga, ngoma za miguu miwili, na mwimbaji wao MAH anayeanza kama anakunong'oneza kisha anapasua koo kwa namna ambayo ningemwitia daktari. Maneno karibu yote ni ya Kiingereza, ndiyo maana ulienea duniani kama moto wa kiangazi. Mtihani wa mabati umeupasi kwa alama zote. Mawe yalikuwa yanapiga bati, na MAH alikuwa anayapiga mawe. Hakuna mwingine katika orodha hii ulioweza. Na unajua unaimba kuhusu nini? Kuhusu maelfu kwa maelfu ya majitu ya ukutani yakitembea pamoja kuikanyaga dunia. Ukiusikia chini ya bati wakati wa mvua ya mawe huhitaji picha. Nimeupa nafasi ya tano, na wa tano hapa angekuwa wa kwanza kwingine kote.

Mbona wa tano basi? Kwa sababu ukishakupiga umekupiga. Mara ya tatu unajua ngumi inatoka wapi.

Twende kwa Revo. Huyu ndiye mtu wa nyimbo hizi, na wanaosema Attack on Titan ni Hiroyuki Sawano peke yake, mtunzi wa muziki wa ndani ya hadithi, wamemnyima haki. Revo alikuwa na kundi lake la Sound Horizon, na anapofanya kazi inayofungamana na hadithi za wengine hujiita Linked Horizon. Mwaka 2013 akatupa Guren no Yumiya. Mara tu unapoanza, kwaya inakurukia kwa Kijerumani, vinanda vya nyuzi vinakimbia, tarumbeta zinaita, na juu ya ukuta lile jitu jekundu lisilo na ngozi linachungulia. Wimbo huo na uliofuata, Jiyuu no Tsubasa, zilitoka kwenye sahani moja Julai 2013, na mwisho wa mwaka ule Linked Horizon walialikwa Kohaku, ile shoo ya mkesha wa mwaka mpya ambayo Wajapani hukaa nyumbani wakiitazama familia nzima. Wimbo wa katuni ya watu kuliwa, mbele ya mababu na mabibi! Nauheshimu sana mwaka huo.

Aliyekulia katika shule za Kenya anaujua ugonjwa wa Revo. Ni ugonjwa wa tamasha la muziki, Kenya Music Festival, pale kwaya ya wanafunzi themanini inaposimama jukwaani, mwalimu anainua mkono, na besi zinaingia kabla hujajiandaa. Revo anaandika hivyo hivyo. Hana aibu ya ukubwa. Sauti moja ikitosha, yeye anaweka hamsini. Jumapili kwenye kanisa la AGC kuna mzee wa besi ambaye nikisikia Jiyuu no Tsubasa nikifumba macho namwona yeye, koti la kahawia, akiwa amepanda farasi na upanga kila mkono.

Kati ya hizo mbili Guren inashinda, nafasi ya sita. Jiyuu ni ya kumi, kwa sababu ni Guren iliyotafuta koti lingine.

Lakini Shinzou wo Sasageyo! Msimu wa pili, 2017! Oi! Huu ndio niliouweka wa pili kwa ujumla, na ukibisha tutalala hapa. Una mwendo wa gwaride kabisa. Ngumi ya kulia kifuani juu ya moyo, kiapo cha askari wa hadithi hii, na kwaya inakudai utoe moyo wako, inakudai mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara inapanda ngazi. Katika picha kuna kundi la majitu yanakimbia pamoja na wanyama, na humo ndani kuna dinosau, kitu ambacho mwaka ule watu walikiona kama mzaha wa wachoraji. Shambani ni hatari tupu. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Jirani wa mstari wa pili aliniuliza kama nimeanza kulipwa kwa saa badala ya kilo.

Na hapo ndipo Kogo alipoingilia uchambuzi wangu. Nilikuwa jikoni kwake, nikiwa nimechomoa spika za masikioni ili wimbo upumue. Bibi yangu hasikilizi kitu ambacho hakitoki Chamgei FM au Kass FM, lakini huu aliusikiliza mpaka mwisho, akikoroga chungu.

"Hawa ni askari?" akauliza.

"Ni Wajapani, Kogo. Ni katuni. Wanaenda kupigana na majitu yanayokula watu."

"Na majitu yenyewe yanaimba?"

"Hapana, Kogo. Wanaoimba ni hawa watu."

"Basi waliotunga hawajui majitu. Chemosit huimba kwanza. Watoto wakifikiri kuna ngoma, wanatoka."

Nilikaa chini. Chemosit! Kila mtoto wa Kikalenjin ametishwa naye. A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi, kilichotoka 1909, na Kipsigis tunamjua vile vile: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, anatembea kwa kujikongoja na fimbo iliyo kama mkuki, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Anakula watu, watoto hasa. Na silaha yake ya kwanza si mdomo, ni wimbo. Anaimba gizani karibu na boma, watoto wanasikia kuna raha mahali, wanatoka wenyewe kwa miguu yao.

Sasa rudi kwenye Shinzou wo Sasageyo ukiwa na hilo kichwani. Rudi! Mimi nilirudi papo hapo. Wimbo unakuita utoe moyo wako, na wewe, uliyeketi Roret na chai ya maziwa mkononi, unapiga ngumi kifuani. Kisha nenda msimu wa tatu, sehemu ya pili, 2019, kwenye vita vya mji wa Shiganshina. Kamanda Erwin amebakiwa na makuruta, watoto watupu. Jitu-Mnyama linasaga miamba mkononi na kuirusha kama mvua ya mawe. Erwin anapanda farasi, anawapa hotuba, na wanamfuata moja kwa moja kwenye mawe hayo wakipiga kelele, huku akijua kwamba hawatarudi na kwamba wao ni chambo tu ili askari wake hodari, Levi, apate nafasi ya kulifikia jitu kutoka ubavuni. Hotuba ile ni wimbo ule ule! Revo alikuwa ametuimbia sisi miaka miwili kabla, tukatoka nje tukicheza.

Ndiyo sababu nimeupa nafasi ya pili. Unafanya kazi yake vizuri mno. Unakulaghai ukiwa macho, na ukishajua unakulaghai bado mguu unapiga chini. Ungekuwa wimbo dhaifu hadithi nzima ingedondoka, kwa maana usingeona ni rahisi kiasi gani kumtoa kijana nyumbani.

Halafu bahari inavukwa. Desemba 2020. Tuko upande wa pili, Marley, kwa wale tuliokuwa tukiwaita adui kabla hatujawaona, na Revo ameondolewa mlangoni. Wamewekwa Shinsei Kamattechan, bendi ya Chiba, na wimbo wao Boku no Sensou. Nilipousikia mara ya kwanza kwenye sekunde zile 90 nilijua ni wa ajabu. Ukiusikia mzima ni ugonjwa! Kwaya ipo, lakini imepinda, kama gwaride linalopita mbele ya jukwaa ambalo watu wake wote wamekufa. Sauti ya Noko, mwimbaji wao, inapanda mahali ambapo sauti ya mwanamume haifai kupanda. Na picha! Hakuna Eren, hakuna Mikasa, hakuna shujaa hata mmoja wa kukushika mkono. Kuna askari wasio na sura wakitembea, mabomu, na moshi wa rangi ukifumuka. Nimeutazama tena na tena nikitafuta mtu wa kumshangilia. Hayupo. Nafasi ya tatu, na sababu ya kuukosesha ya pili ni kwamba shambani haufai: unachuna majani ukiangalia nyuma.

Na bendi hii hii ilikuwa imeshatuonya! Msimu wa pili, mwaka ule ule Revo alipokuwa mlango wa mbele akikusanya mioyo, hawa walikuwa mlango wa nyuma na Yuugure no Tori, wimbo wa kufungia. Nimeuweka wa nne. Watu wengi waliuruka, maana baada ya sehemu kuisha nani hukaa? Basi waliuruka ufunguo wa nyumba. Picha zake ni kama michoro ya kale ukutani, na ndani yake siri kubwa za hadithi zilikuwa zimewekwa wazi miaka kabla hazijasimuliwa: asili ya majitu, yule msichana wa mwanzo, yaliyompata. Ziliwekwa hapo, Aprili 2017, mbele ya macho ya kila mtu! Sauti zake zinatambaa, zimefunikwa na kitu, kama zinatoka chini ya udongo. Kogo aliusikia huo pia. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu kwenye simu akatikisa kichwa, maana yake huyu sasa ndiye.

Acha nikengeuke kidogo, maana kuna jambo la kwetu ambalo nimelifikiria tangu niweke orodha hii. Watu huniuliza: unasikiliza nini usichoelewa? Kijapani cha nini huku kwenye chai? Nawajibu kwa neno moja, Kapkatet. Hapo hapo jirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, na wasichana wa Kipsigis, akiwamo Chemutoi Ketienya, wakamwimbia kwa kinanda chetu cha nyuzi wimbo uitwao Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers! Mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyefariki 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika milimani huku na gramafoni za Wazungu. Wasichana wale hawakujua lugha yake wala hawakuwahi kuiona sura yake. Walichokuwa nacho ni sauti inayotoka kwenye sanduku. Na kutokana na sauti hiyo wakamuumba kiumbe, nusu mtu nusu swala, wakamtungia wimbo wake, wenye mwendo laini wa kuzungukazunguka ambao leo ukiusikia hukutoki wiki nzima. Rekodi hiyo iliingia katika hazina ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na katika miaka ya karibuni nakala zikarudishwa kwa jamaa za walioimba.

Kwa hiyo usinishangae! Kusikia sauti ya ng'ambo usiyoielewa na kuiundia jitu lenye mwili wa nusu kwa nusu ni kazi ambayo wasichana wa Kapkatet waliifanya zaidi ya miaka 70 iliyopita, bila bando. Kama kuna mahali duniani panapostahili kutoa hukumu juu ya nyimbo hizi ni kilomita hizi chache kati ya Kapkatet na Roret. Chemirocha ningeuweka kwenye orodha kama ungeruhusiwa. Wa tatu, na Boku no Sensou usogee.

Sasa Red Swan. Vuta pumzi. Najua. Julai 2018, msimu wa tatu, watu walikuwa wameketi wakingoja kwaya na tarumbeta, na wakapewa wimbo wa taratibu, wa mapenzi karibu, wa Yoshiki wa X Japan na sauti ya Hyde wa L'Arc-en-Ciel. Makelele yaliyofuata! Mpaka leo ukiwauliza mashabiki upi wa mwisho, tisa kati ya kumi wataushika huu kwa mikono miwili. Mimi nasema hapana. Hapana kabisa! Msikilize Yoshiki kwenye toleo zima. Msimu ule haukuwa wa ukuta na majitu. Ulikuwa wa serikali inayoficha historia, wa binti aliyelazimishwa kuliacha jina lake, Historia, na wa watu wanaouana wao kwa wao kwenye vichochoro. Ungefungulia hayo kwa tarumbeta? Piano ile inakuja kama kumbukumbu ambayo mtu ameamriwa aisahau. Hyde haimbi kwa nguvu, anaimba kama anayerudi nyuma hatua kwa hatua. Wa saba! Ndiyo, mbele ya Jiyuu no Tsubasa, na nimeliandika hili nikiwa na akili timamu.

Cha kuchekesha ni kwamba msimu huo waliwabadilishia milango: Revo alipelekwa nyuma, kwenye wimbo wa kufungia, Akatsuki no Requiem, maombolezo yenye kwaya, mazuri, marefu, ya tisa. Aliporudi mbele 2019 na Shoukei to Shikabane no Michi alirudi amezeeka, kwa maana nzuri. Unasikia anaziita nyimbo zake za nyuma, anazipitisha tena mbele yako, lakini sasa kwaya inajua watu wangapi wamekufa. Wa nane. Nilitaka kuupandisha, ila kila nilipoanza kuusikiliza nilitamani kurudi kwa ile aliyokuwa akiikumbuka.

Zilizobaki nazipita mbio. Utsukushiki Zankoku na Sekai, wa kufungia wa kwanza kabisa, 2013, umeimbwa na Yoko Hikasa, ambaye kazi yake nyingine ni kutoa sauti za wahusika wa anime: mzito, wa moshi, wa Mikasa kabisa, wa kumi na moja, na ungekuwa juu kama usingeanza kufifia katikati. Great Escape wa Cinema Staff, gitaa mbili zinazofukuzana mpaka nikamkumbuka Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et yake, ingawa Kipchamba hakuwa na haraka hiyo. Kwenye chai unakimbiza mikono mpaka unaanza kuchuna majani magumu ambayo kiwanda kitayakataa. Wa kumi na mbili kwa kosa hilo. Shougeki wa Yuko Ando unanitatiza, wimbo unaokataa kukaa mahali pamoja, wa kumi na tatu kwa leo. Name of Love, wao tena Cinema Staff, ndio wa mwisho. Si mbaya. Ni kwamba umezaliwa katika familia ya majitu.

Nyimbo zilizokuja na mwisho wa hadithi sijazipanga, bado zimenikaba. Under the Tree wa SiM unaonyesha kwamba MAH anaweza kulia pia. Saigo no Kyojin ni Revo akifunga duka kwa kelele zote alizobakiwa nazo. Itterasshai wa Ai Higuchi, siwezi kuuzungumzia sasa hivi. Na ule wa Linked Horizon wenye jina refu kuhusu miaka 2,000 au 20,000 ijayo, nilipoona jina tu niliruka kitini, maana sehemu ya kwanza kabisa ya hadithi, Aprili 2013, iliitwa "Kwako, miaka 2,000 ijayo". Miaka kumi walikuwa wamelishika jibu mkononi!

Namba moja ni Ai Higuchi. Akuma no Ko, wimbo wa kufungia wa Januari 2022, uliokuwa ukija dakika ishirini hivi baada ya The Rumbling kukupasua masikio.

Ni piano na mwanamke mmoja. Ndivyo unavyoanza. Gitaa na nyuzi zinaingia baadaye, lakini hazimfuniki. Jina la wimbo maana yake ni mtoto wa shetani, na ukimjua Gabi utajua unakatia wapi: binti mdogo wa Marley aliyefundishwa tangu kuzaliwa kwamba watu wa kisiwa cha ng'ambo ni mashetani, akashika bunduki, akaua, kisha akaletwa kisiwani akalishwa chakula mezani na hao mashetani. Na upande wa pili Eren, aliyefundishwa kitu kile kile kwa maneno mengine. Higuchi hampigii yeyote tarumbeta. Anaimba karibu na sikio, kwa sauti ya mama anayelaza mtoto, juu ya chuki ambayo mtoto hakuichagua. Nyimbo zote za gwaride zilizokuwa zikituita tutoke nje, huu peke yake unamwita mtoto arudi ndani!

Kwenye mabati ulishindwa vibaya, jiwe la kwanza tu ukapotea. Kwenye chai ndiyo aibu kabisa: mikono ilisimama, kikapu kikabaki nusu, na kilo zangu za siku hiyo sizitaji hapa. Nimevunja mizani yangu mwenyewe kuuweka juu na nimeridhika. Mwenye kubisha kuhusu huu nitamsikiliza kwa heshima. Mwenye kubisha kuhusu Red Swan anitafute senta ya majani jioni, lori la kiwanda likichelewa tuna muda wa kutosha.